Baridi ya Julai na Mbuzi Mwenye Kufungua Komeo

Katika nyanda za Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua, baridi huanza mwezi wa Juni wala haiondoki upesi kabla ya Agosti kwisha. Mbingu zikiwa wazi usiku, asubuhi majani huonekana meupe kwa jalidi, na viazi vilivyopandwa bondeni huungua kana kwamba vimepitiwa na moto. Pareto ndiyo inayofaidi, kwani hutaka baridi ili itoe maua.

Kwa mkulima mwenye ekari chache, ng'ombe wawili na mbuzi kadha wa kadha, kazi ya miezi hiyo huanza kabla ya mapambazuko. Mama huchemsha maji, naye mkamaji huosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kisha hukikausha kwa kitambaa safi. Chuchu zikiachwa na majimaji hupasuka kwa baridi, na ng'ombe hupiga ndoo teke. Watu husema ana tabia mbaya, kumbe anaumia. Ndama naye hutandikiwa majani makavu, maana alalaye topeni hushikwa na kichomi.

Mbuzi ni habari nyingine. Manyunyu yakianza, hataki kutoka bandani. Yakikatika, hataki kurudi. Kamba ya katani huitafuna. Mlango ukiegemezwa jiwe, huusukuma mpaka jiwe likabingirika. Katika kundi hakosekani jike mmoja mzee aliyejifunza kusogeza komeo kwa mdomo, na akishafungua, wenzake wote humfuata kama watoto waliosikia kengele ya shule.

Safari yao mara nyingi huishia kwenye banda la viazi vya mbegu. Viazi hivyo hutandazwa penye mwanga hafifu ili vichipuke, vipate kuwa tayari kwa mvua za Oktoba. Hapo kicheko hukoma. Shamba lote la msimu ujao limo juu ya zile chanja, na tena kiazi kilichogeuka kijani na kuchipua kina sumu iwezayo kumdhuru mnyama.

Hatari ni kubwa zaidi ng'ombe akiingia nyuma ya mbuzi. Kiazi kizima huweza kumnasa kooni. Hapo hutokwa na udenda, hunyoosha shingo na kukohoa. Na kwa kuwa hawezi kucheua, hewa hujaa tumboni na ubavu wa kushoto huvimba. Wengi hukimbilia kummiminia maji au mafuta mdomoni. Ni kosa kubwa, kwa sababu huingia mapafuni. Aondolewe chakula na maji, asiachwe alale kwa ubavu, na daktari wa mifugo aitwe saa ile ile, kwani uvimbe huo huweza kumuua kwa muda mfupi.

Komeo la banda la mbuzi yafaa liwekwe upande wa nje, chini, mahali asipofikia kwa mdomo, na pini ya chuma ipitishwe ndani yake. Jioni apewe majani makavu na mabua yaliyokatwakatwa. Mbuzi aliyeshiba huwa mvivu wa kutalii. Banda la mbegu nalo liwe na mlango wake. Katika nyumba nyingi kazi ya kukagua komeo hupewa mtoto, naye, kwa baridi ile, hukagua akiwa jikoni karibu na moto. Afadhali baba atoke mwenyewe na taa yake kabla ya kulala.