Kadi ya Chama Mlangoni pa Shule

Kwa wazazi wenzangu wa Tanga, Muheza na Pangani,

Nawaandikia kutoka Nashville, katika jimbo la Tennessee, na kalamu hii imenyanyuliwa na swali la mmoja wenu, aliyeniuliza kama haingekuwa bora kila anayetaka kuingia katika kamati ya shule aonyeshe kwanza kadi ya chama chake, ili watu wamjue.

Kabla ya kujibu, sikilizeni kwanza ya huku. Marekani shule haziendeshwi na wizara iliyo mji mkuu, bali kila wilaya ya elimu, nazo zapata elfu 13, ina bodi yake, aghalabu ya kuchaguliwa, ambayo huajiri mkurugenzi, hupitisha bajeti, na huamua mabasi yapite wapi. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa islahi, wakichukizwa na wakubwa wa vyama waliokuwa wakiwagawia wafuasi wao kazi za ualimu mijini, walifanya jitihada ya kuviondoa vyama katika uchaguzi huo, na ada hiyo ikadumu sehemu nyingi, ingawa Pennsylvania na Connecticut hazikuifuata. Tennessee iliivunja mwezi wa Oktoba 2021, wakati wazazi walipokuwa wakigombana juu ya barakoa za korona hata mikutanoni mwa bodi watu wakawa hawasikilizani, ndipo bunge la jimbo likaviruhusu vyama vya kila kaunti kusimamisha wagombea wao, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ukafanyika mwaka 2022.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja, wala insafu hainiruhusu kuificha. Mpiga kura hufika chini ya karatasi akakuta majina asiyoyajua, akachagua lililotangulia, au la yule aliyekuwa na fedha za kumtumia vipeperushi nyumbani. Basi jina la chama, wasema, ni dalili, na dalili ni bora kuliko giza. Nakubali. Walakini dalili hiyo hunijulisha mtu asemavyo juu ya mipaka ya nchi, silaha na kodi za taifa, mambo ambayo bodi haina amri nayo hata kidogo, ilhali mimi nataka kujua kwa nini basi la binti yangu hufika shuleni somo la kwanza limekwisha; nami nimekuwa kama mnunuzi wa samaki anayeambiwa rangi ya ngalawa.

Jirani yangu ni mtumishi wa posta, mtu wa makamo, ambaye kwa miaka mingi amekaa safu ya mbele katika mikutano ya bodi, na kitabu cha bajeti magotini kilichojaa mistari ya kalamu nyekundu. Hawezi kugombea. Sheria ya mwaka 1939 iitwayo Hatch inawakataza watumishi wa serikali kuu, wa posta wakiwamo, kuwania kiti kinachoshindaniwa kwa vyama, na haimfai kitu kusimama kama mgombea binafsi, maadamu mpinzani mmoja tu amebeba jina la chama. Zamani mlango huo ulikuwa wazi kwake. Umefungwa pasipo mtu yeyote kumtaja.

Yako pia mambo ya kura za maoni, ambazo kwazo vyama huteua wagombea wao. Mjini humu chama cha Democratic kina wafuasi wengi mno, hivyo kiti aghalabu huamuliwa mwezi wa Mei, wanapojitokeza wachache, na uchaguzi wa Agosti ukabaki kama kutimiza wajibu. Tena tangu mwaka 2023 sheria imeamuru vituo vibandike tangazo kwamba kupiga kura ya maoni ya chama usicho mfuasi wake wa kweli ni jinai, ingawa jimbo hili haliandikishi wapiga kura kwa vyama. Mwaweza kukisia mgeni aliyepewa uraia juzi, na ambaye maisha yake yote ameogopa karatasi za serikali, husimama wapi akilisoma tangazo hilo.

Florida nayo ilitaka kurudisha vyama katika uchaguzi wa bodi za shule kwa kura ya wananchi mwaka 2024, ikapata asilimia 55 hivi, ilhali zilihitajika 60. Indiana ikapitisha sheria yake mwaka 2025.

Ninyi mwalijua jambo hili kuliko Wamarekani, kwani kwetu hata mwenyekiti wa mtaa sharti adhaminiwe na chama, na hukumu ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, katika shauri la Mchungaji Mtikila mwaka 2013, iliyosema raia ana haki ya kugombea bila chama, haijabadili desturi hiyo. Mkutano wa wazazi chini ya mwembe wa shule ni mojawapo ya mahali pachache palipobaki ambapo mtu huulizwa kwanza mtoto wake yuko darasa la ngapi. Basi swali la kadi likiletwa mkutanoni, namwomba katibu aliandike katika muhtasari pamoja na jina la aliyeuliza, kisha mwendelee na habari ya vyoo na madawati.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Nashville