Acheni kuwinda kichwa pekee

Wasee, tuseme ukweli. Klipu za ngumi tunazosambaza ni za nokauti za kichwa tu. Ndiyo maana jimu za mtaani zimejaa vijana wanaorusha ngumi za juu raundi nzima, halafu wanashangaa mbona hazimpati mtu. Jamaa ashainua mikono kitambo, buda. Unachopiga ni glavu.

Dawa ni jabu ya tumbo. Kunja magoti (ukiinama kiuno utakula ngumi ya kutoka chini), shuka, nyoosha mkono wa mbele hadi tumboni, ule wa nyuma ubaki kwa kidevu. Haiumi sana, na ndiyo maana watu huidharau. Lakini irudie mara mbili, tatu. Viwiko vyake vinaanza kushuka, macho pia. Mara ya nne unashuka vilevile, ila sasa mkono wa kulia unapita juu, na hakuna kitu kinalinda kidevu.

Floyd Mayweather aliitumia sana, na rekodi yake ni 50-0. Eti anaboesha? Sawa, lakini nani alimpiga?

Halafu kuna hii ya sparingi, na hapa sitanii. Tumbo unaweza kulikomaza kwa mazoezi. Ubongo huwezi. Wawili wakiwindana vichwa kila jioni, wote wanaumia, na hakuna pesa wala mshipi hapo. Kocha akisema leo ni mwili tu, usinune.