Kuteleza si Kuanguka: Tuwafundishe Vijana Wetu Kujikubali

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akiwa dhaifu kisha akamfungulia mlango wa toba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie maradhi yasiyoonekana kwa macho, ambayo aghalabu huwapata watoto wale wale tunaowasifu. Ni maradhi ya kijana kutaka kila alitendalo liwe kamilifu, lisilo na dosari hata chembe, na kuidharau nafsi yake pindi linapokosa kuwa hivyo.

Dalili zake zimo majumbani mwetu. Binti wa kidato cha pili huchana ukurasa mzima wa daftari kwa sababu ya herufi moja, akauandika upya hadi usiku wa manane. Kijana aliyepata alama 92 hurudi nyumbani akilia kwa ajili ya zile 8 alizokosa. Mwingine hutawadha mara tatu au nne, akishuku kwamba kiwiko hakikupata maji, mpaka swala ya jamaa ikampita. Yupo pia yule anayeichukia sura yake mwenyewe kwa kuilinganisha na picha za kwenye simu, ambazo nazo zimekwisha kurembeshwa. Wazazi tunapoyaona baadhi ya haya hufurahi, tukasema mtoto wetu ana bidii. Hatujui kwamba ndani mwake anateketea.

Sisi wenyewe tuliyaonja hayo. Tulipokuwa na umri wa miaka 14 tulisifiwa mno madrasa kwa usomaji wetu wa Qur'ani. Siku moja, mbele ya wageni, tulikosea katika sura tuliyoihifadhi tangu udogoni. Hakuna aliyetucheka. Mwalimu alitusahihisha, tukaendelea hadi mwisho. Hata hivyo, kwa wiki tatu baada ya siku ile hatukukanyaga tena madrasa; kila siku tulibuni ugonjwa mpya. Marehemu baba alipotubana, tulimjibu kuwa ni afadhali kutosoma kabisa kuliko kusoma na kukosea. Hakugomba. Alituuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulikuwa ukimsomea nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Hapana shaka kwamba dini yetu inahimiza kutenda mambo kwa ubora, na jina la ubora huo ni ihsani. Lakini Jibrili (A.S.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) maana yake, jibu alilopewa ni kwamba mja amwabudu Mola wake kama amwonaye, akijua kuwa hata asipomwona, Mola wake humwona. Tuzingatie vyema: ihsani haikuelezwa kuwa ni kutokukosea. Imeelezwa kuwa ni kujua ni nani anayekutazama. Kijana anayeungua kwa kosa dogo mara nyingi amekwisha kulibadilisha jicho hilo. Mahali pake ameweka jicho la mwalimu, la shangazi na la wanafunzi wenzake. Mwenyezi Mungu anaujua udhaifu wetu, na katika Surat al-Baqara, aya ya 286, ametubainishia kuwa haikalifishi nafsi yoyote ila kwa kadiri ya uwezo wake. Macho ya watu hayana huruma hiyo, wala hayatosheki.

Jamii nayo ina sehemu yake ya lawama. Kwa miaka mingi matokeo ya mitihani ya taifa yalitangazwa pamoja na majina ya wanafunzi bora. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha utaratibu huo wa kutaja shule bora na wanafunzi bora. Orodha ikaondoka kwa watangazaji, lakini sisi wazazi tumeihifadhi sebuleni. Bado tunamuuliza mtoto amekuwa wa ngapi kabla hatujamuuliza amejifunza nini, na bado tunamtajia binamu yake aliyemzidi.

Ama tukirejea katika sheria yetu, tutaona kuwa kosa limetengewa nafasi hata ndani ya swala, ambayo ni nguzo ya dini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne. Sahaba aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn akamuuliza iwapo swala imepunguzwa au amesahau. Mtume alipothibitishiwa na watu, aliikamilisha swala yake na akasujudu sijda mbili za kusahau. Hakuitupa swala ile, wala hakujificha kwa haya. Ikiwa mbora wa viumbe alirekebisha na akaendelea, kijana wetu anayechana daftari anamfuata nani?

Hali kadhalika, katika hadithi aliyoipokea Bibi Aisha (R.A.) tunafundishwa kwamba anayesoma Qur'ani kwa kubabaika, huku ikimuwia uzito, anapata ujira mara mbili. Laiti tungaliifahamu hadithi hiyo siku ile tukiwa na miaka 14, tusingalipoteza wiki tatu.

Ndugu wazazi, mfano wetu mkubwa ni Anas bin Malik (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, Anas alikuwa mtoto wa takriban miaka kumi, naye akamtumikia kwa miaka kumi, yaani ujana wake wote wa mwanzo aliupitisha katika nyumba ile. Anasimulia kwamba katika muda huo wote hakuwahi kusikia neno la kuchoshwa naye, wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Si kwamba hakukosea. Siku moja alitumwa, akasimama njiani kwa watoto waliokuwa wakicheza. Mara akahisi ameshikwa shingoni kwa nyuma, alipogeuka alimuona Mtume (S.A.W.) akitabasamu, akimuuliza kwa upole iwapo amekwenda alikotumwa. Kijana huyo aliyesimama njiani ndiye aliyekuja kutupokelea hadithi zaidi ya 2,000.

Basi tuanze na sisi wenyewe. Tuwasimulie watoto wetu makosa yetu, wajue kwamba hatukuzaliwa watu wazima. Tusifu juhudi kabla ya nafasi. Mwenye wasiwasi wa udhu tumfundishe kanuni ya mafakihi, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Na ikiwa kijana hali, halali, au anatamka kwamba maisha hayana maana, tusimwambie tu kwamba imani yake ni ndogo; tumsikilize, na tumpeleke hospitali kama tunavyompeleka mwenye homa. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume wetu.

Nanyi vijana wetu, kujikubali si kujidekeza. Mvivu husema hana kosa; mwenye kujikubali hulijua kosa lake, akalitubia au kulirekebisha, kisha akaendelea na safari. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Rudini kwenye daftari, rudini kwenye msahafu, hata kama mtababaika. Ukamilifu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Sisi tumeamrishwa kujitahidi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu nyoyo zilizotulia, na sisi wazazi atupe ndimi za upole. Amin.

Wabillahi tawfiq.