Kichaka Si Uchafu

Sijui nani aliwaambia wasimamizi wa bustani zetu za jiji kwamba kichaka ni uchafu. Kati ya Novemba na Machi, simama kimya Karura au City Park. Utamsikia kabla ya kumwona: “tak, tak,” kama kokoto mbili zikigongana. Ni Sylvia atricapilla, mgeni kutoka Ulaya na Asia ya magharibi, gramu 20 hivi tu. Dume ana kofia nyeusi, jike ana ya kahawia iliyokolea wekundu. (Wengi hudhani jike ni ndege mwingine kabisa.) Usimtafute kwenye nyasi zilizonyolewa. Yuko ndani ya majani, anaokota wadudu na vitunda, anajiwekea mafuta ya safari ya kurudi.

Na hapo hapo ndipo mnapofyeka! Mnamwaga kabro, mnapanda maua ya kupigia selfi, halafu mnajiita wahifadhi. Jamani, Wangari Maathai alipigwa Karura Januari 1999 akijaribu kupanda mti, si kabro. Njia ya miguu ipiteni kando. Hicho kichaka kiacheni na giza lake.