Tusilionee Haya Jumba la Baba Zetu

Sharika nyingi zataka kanisa jipya, na kwa kuwa fedha ni haba, huliunganisha na nyumba iliyopo, yaani darasa la kale au jumba la mikutano ya kijiji. Jambo hili ni jema. Lakini nawasikia wazee wa kanisa wakinena, "Jumba hili latuaibisha, tulifiche nyuma ya ukuta mpya, wageni wasilione." Neno hili silikubali kabisa.

Jumba lile lilijengwa na nani? Baba zetu walifyatua matofali, mama zetu walichota maji ya kukandia udongo. Humo tulijifunza kusoma, humo tuliwalilia wafu wetu. Je, tutaionea haya kazi ya mikono yao, na huku twafundisha watoto amri ya kuwaheshimu wazazi? Mwacha asili ni mtumwa.

Wengine wanena kinyume: "Basi, kipya kifanane na cha kale kwa kila kitu." Hao nao wakosa. Tazameni mji wa Coventry, Uingereza. Usiku wa 14 Novemba 1940 kanisa lake kuu liliteketezwa kwa mabomu. Basil Spence, mchoraji wa majengo, hakuyabomoa magofu, wala hakuyaiga. Alichora kanisa la namna ya siku zake, likajengwa ubavuni mwa magofu kwa jiwe la mchanga lenye wekundu kama la kale, likawekwa wakfu 25 Mei 1962. Cha kale chasema habari zake, na kipya zake, wala hakuna kinachomdanganya mtu.

Tena iko sababu ya ufundi. Nyumba ya zamani imekwisha tulia ardhini. Msingi mpya bado utashuka kidogo. Mkizishikamanisha kuta zake, zitapasuka. Yafaa kuacha nafasi nyembamba kati yake na kuifunika vizuri, na maji ya mapaa yote mawili yaelekezwe nje, yasikutane katikati. Lakini ninyi mwauliza kwanza habari za mnara na vioo vya rangi! Huko ni kuvaa kilemba na miguu imo matopeni.

Basi, jengeni kipya kwa unyofu, na mlango wa zamani uacheni wazi. Mtoto aendaye kusali na apite kwanza pale walipopita babu zake, apate kujua kwamba imani hii hakuianza yeye.