UCHAMBUZI: Antena ya darini yawanyima wengi matangazo ya bure

ZAIDI ya miaka 10 tangu Kenya izime mitambo ya analogi, zipo familia ambazo bado humtuma kijana apande darini kusogeza antena kila saa ya taarifa ya habari inapokaribia.

Wengi wao huamini kwamba king'amuzi ndicho kibovu. Wapo walionunua cha pili, na wengine wakakata tamaa kabisa na kuanza kulipia runinga ya setilaiti kila mwezi ili watazame stesheni zile zile zinazorushwa bure hewani. Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo ni kifaa ambacho hakikuzungumziwa sana wakati taifa lilipokuwa likihamia dijitali, nacho ni antena, hasa mahali ilipowekwa.

Makubaliano yaliyofikiwa Geneva mnamo 2006, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), yalitenga Juni 17, 2015, kuwa siku ya kufunga enzi ya analogi katika mataifa mengi ya Afrika na Ulaya. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, chini ya Rais Mwai Kibaki. Kisha zikafuata kesi, hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake Septemba 2014. Mitambo ya analogi jijini Nairobi ilizimwa Februari 2015, na stesheni za Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu.

Katika vuta nikuvute hiyo, mjadala ulihusu leseni, masafa na aina ya king'amuzi ambacho mwananchi alipaswa kununua. Suala la antena liliachiwa fundi wa mtaani.

Kosa la kupuuza jambo hilo halikuonekana mapema kwa sababu analogi ilikuwa na huruma. Mawimbi yalipofifia, picha ilijaa chengachenga na vivuli, lakini sauti ilisikika na mtazamaji akafuatilia habari hadi mwisho. Dijitali haina subira ya namna hiyo. Mawimbi yakitosha, picha huwa safi kama kioo; yakipungua kidogo tu chini ya kiwango, picha huganda, hukatika vipande vya miraba, kisha skrini hutangaza kwamba hakuna mawimbi. Nyumba iliyokuwa ikipata picha hafifu lakini ya kutazamika huenda sasa isipate chochote.

Si ajabu basi kwamba baadhi ya watu hushuku mkono wa serikali kila stesheni inapopotea. Januari 2018 serikali ilizima kwelikweli stesheni kadhaa siku ya kiapo cha Raila Odinga. Hata hivyo, mara nyingi adui yuko juu ya kichwa cha mtazamaji mwenyewe.

Antena huwekwa darini kwa sababu zinazoeleweka. Wapo wamiliki wa nyumba wasiotaka paa lao litobolewe, wapo wezi, na upo upepo unaopinda vyuma. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi humu nchini zimeezekwa kwa mabati, na mabati huyarudisha mawimbi ya runinga yalikotoka. Antena iliyo chini yake hutegemea kile kinachopenya pembeni, kupitia kuta za mwisho wa paa au mwanya ulio chini ya kenchi. Paa la vigae vya udongo lina nafuu, japo nalo hupunguza nguvu ya mawimbi, na hupunguza zaidi likilowa mvua.

Wanaopotoka zaidi ni wakazi wa mitaa mipya ya wastani. Vigae vingi vinavyopendeza kwenye nyumba hizo ni vya chuma kilichopakwa changarawe. Mwenye nyumba hudhani ana paa la vigae, ilhali kwa antena yake hayo ni mabati tu. Aidha, karatasi yenye utando wa alumini inayotandazwa chini ya paa ili kuzuia joto hufanya kazi hiyo hiyo ya kufunga njia.

Palipo na paa la aina hiyo, ushauri wa kweli ni mmoja: antena itoke nje, hata kama ni kwenye ukuta unaoelekea kituo cha mitambo. Hakuna kifaa cha kuongeza nguvu kitakachookoa antena iliyofunikwa kwa chuma. Kifaa hicho hukuza kila kinachopokewa, pamoja na kelele, na hakiwezi kuunda mawimbi ambayo hayakufika. Karibu na mtambo, au karibu na mlingoti wa simu, kinaweza hata kuharibu mapokezi mazuri kwa kuzidiwa.

Mahali ambapo dari inaruhusu mawimbi, king'amuzi chenyewe kina kipimo ambacho wengi hawajawahi kukifungua. Kwenye menyu yake kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, fundi asikimbilie kuongeza nguvu. Huenda mawimbi yanagonga ukuta au tangi la chuma na kurudi yakiwa yamechelewa, au kifaa cha kuongeza nguvu kimezidiwa. Mawimbi ya megahezi 600 yana urefu wa sentimita 50, hivyo kuisogeza antena kiasi cha hatua moja kunaweza kubadilisha hali yote. Yafaa isogezwe polepole, mtu mwingine akisoma kipimo.

Kundi zima la stesheni likipotea kwa pamoja huku mengine yakionekana vizuri, king'amuzi hakina lawama. Stesheni kadhaa husafirishwa katika masafa mamoja, na masafa hayo ndiyo yasiyofika pale antena ilipo.

Kabla ya yote, waya ukaguliwe. Uzi mmoja wa nje unaogusa waya wa katikati unatosha kukata kila kitu. Kigawanyaji cha kulisha runinga mbili humwachia kila mmoja chini ya nusu ya mawimbi. Antena yenye kikuza nguvu ndani yake ikikosa umeme hugeuka kizuizi, na baadhi ya ving'amuzi huutoa umeme huo iwapo tu mtumiaji ameuwasha kwenye menyu.

Wafanyabiashara nao wamefaidika na giza hili. Madukani huuzwa "antena ya dijitali" kwa bei ya juu, ilhali antena haijui analogi wala dijitali. Antena yoyote nzuri ya masafa ya UHF, hata iliyonunuliwa kabla ya 2015, yatosha. Isiyofaa ni ile ya kale yenye fito ndefu iliyotengenezewa masafa ya VHF pekee.

Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma anazopata. King'amuzi kinachouzwa bila maelezo kuhusu antena na paa kinampa mnunuzi nusu ya bidhaa. Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo huidhinisha ving'amuzi kabla viuzwe, ingeweza kudai karatasi moja ya Kiswahili ndani ya kila kasha, ikionyesha upande wa kuelekeza antena na aina za paa zinazozuia mawimbi.

Wamiliki wa nyumba za kupangisha nao wana lao. Antena moja juu ya paa, yenye waya unaogawanywa ipasavyo hadi kila mlango, hugharimu kidogo ikilinganishwa na ujenzi wa jengo lenyewe. Anayekataza wapangaji kugusa paa, kisha asiweke antena hiyo, anawalazimisha kulipia kila mwezi kile ambacho kinapita bure juu ya mabati yake.