Kiapo cha Madhabahuni na Kiapo cha Bungeni

Kila uchaguzi unapokaribia, makanisa ya Sachangwan, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, hupata waumini wapya. Hawa ni wanasiasa. Hufika wakiandamana na wake zao, hutaja madhehebu yao, hutoa mchango, kisha huomba kura. Kuabudu ni haki ya kila mtu. Lakini je, dini ya mwombaji kura yatosha kuwa dhamana ya uaminifu wake?

Yafaa tukumbuke yaliyotukia Machi 2014. Mswada wa Ndoa ulipojadiliwa Bungeni, ulikuwa na kifungu kilichompa mke sauti mumewe alipotaka kuoa mwingine. Wabunge wanaume, wa serikali na wa upinzani, walisahau uhasama wao wakakifuta. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipinga, lakini Rais Uhuru Kenyatta aliutia mswada huo sahihi mwezi uliofuata.

Sitaki nieleweke vibaya. Sheria hiyo huruhusu wake wengi katika ndoa za Kiislamu na za kimila pekee. Ndoa ya Kikristo imebaki kuwa ya mume mmoja na mke mmoja. Aidha, Uislamu wenyewe huweka sharti la uadilifu baina ya wake. Basi si dini iliyowaagiza waheshimiwa kumnyamazisha mke. Waliafikiana kwa sababu ya masilahi yao, na tofauti za dini na chama hazikuwazuia.

Lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Neno kiapo hutumika kwa bwana harusi na kwa mbunge vilevile. Wanasiasa nao huuita muungano wa vyama vyao ndoa, kisha huuvunja pasipo hata kutoa talaka. Anayezoea kuchezea neno moja hushindwaje kulichezea la pili?

Katiba ya 2010 yasema wazi kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Kwa hivyo, walimu na wanafunzi, tusimuulize mgombea anasali wapi. Tumuulize aliahidi nini, alitimiza nini, na alipigaje kura siku ile wanyonge walipomhitaji. Ahadi ni deni, na deni halilipwi kwa kutaja jina la kanisa.